Puli mbili, hesabu moja: mashine zilivyoingia Bugene

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie kitu kinachonguruma mchana kutwa na hakuna anayekiandika gazetini: mashine ya kusaga, na hasa zile puli zake mbili zilizofungwa mkanda. Ukipita Bugene, Omurushaka au Kayanga utaisikia mashine kabla hujaiona. Lakini mlio ule una historia yake, na ndani yake kuna hesabu ambayo ikikosewa, mtu anapoteza mota, mtaji, pengine na vidole.

Tuanze mbali. Watu wengi hudhani Karagwe ilipata chuma kutoka kwa Wazungu. Si kweli hata kidogo. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika pale Bweranyange mwaka 1861 alikuta dola yenye wafua chuma wake, na nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wenyewe. Kule upande wa Bukoba, pale Katuruka, wanaakiolojia wamechimbua tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka kama elfu mbili. Kwa hiyo chuma kilikuwepo, moto ulikuwepo, mafundi walikuwepo. Kisichokuwepo ni gurudumu la kuhamisha nguvu kutoka hapa kwenda pale. Ulezi ulisagwa juu ya jiwe, kwa mikono ya mama zetu, na nguvu ya jiwe iliishia kwenye mabega ya anayelisukuma.

Wachina walikuwa na mkanda wa kuzungushia gurudumu la uzi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ulaya na Marekani waliupeleka viwandani. Mwaka 1828 huko Lowell, Marekani, fundi Paul Moody alianza kuendesha kiwanda cha nguo kwa mikanda ya ngozi badala ya meno ya chuma, na mtindo ukaenea. Shafti moja ndefu darini, mikanda ikishuka kama kamba za bembea, kila mashine na puli yake.

Kwetu Kagera kilicholeta mashine ni kahawa. Kahawa yenyewe ilikuwepo tangu zamani, ikitafunwa na kupewa wageni kwa heshima, lakini kutafuna hakuhitaji kukoboa. Soko la dunia ndilo lililotaka punje safi. Mwaka 1885 Mbrazili aitwaye Evaristo Conrado Engelberg alibuni mashine ya kukoboa kahawa, na miaka mitatu baadaye ikaundwa kampuni ya kuitengeneza huko Syracuse, Marekani. Mpaka leo mafundi wa nchi nyingi wanakoboa mpunga na kahawa kwa mashine za aina hiyo. Mkulima wa Karagwe aliuza kahawa ya maganda, na mashine ya mtu mwingine ndiyo iliyoibadilisha kuwa kahawa safi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili imegombaniwa katika vyama vya ushirika vya mkoa huu kwa vizazi. Kwa maoni yangu ugomvi huo ni wa haki: anayemiliki puli ndiye anayekata bei.

Vijijini mashine iliyoingia ni injini ya dizeli ya mwendo wa polepole. Mfano maarufu kuliko yote ni Lister ya Dursley, Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia kama mwaka 1930 hadi 1987. Ile ya nguvu za farasi sita huzunguka mara 650 kwa dakika. Ina magurudumu mawili mazito ubavuni, na ile sauti yake ya tuku-tuku hata mtoto anaijua. Wahindi wa Rajkot waliziiga, na nakala hizo ndizo zilizosambaa sana Afrika Mashariki.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Injini inazunguka mara 650. Kinu cha nyundo, kile chenye vipande vya chuma vinavyopiga mahindi dhidi ya chekeche, kinataka mizunguko 2,500 au zaidi. Utaipataje? Hesabu ni moja tu: kipenyo cha puli ya injini zidisha kwa mizunguko yake, ni sawa na kipenyo cha puli ya kinu zidisha kwa mizunguko yake. Sababu ni rahisi. Mkanda ni mmoja, urefu unaopita juu ya puli hii kwa dakika ndio unaopita juu ya ile. Puli ndogo italazimika kujizungusha mara nyingi zaidi kuumaliza urefu huo.

Kwa hiyo weka puli ya inchi 20 kwenye injini na inchi 5 kwenye kinu: 650 mara 20 ni 13,000, gawa kwa 5, unapata 2,600. Mkanda bapa huteleza kidogo, kama mizunguko miwili katika kila mia, basi hesabu 2,550 hivi. Wazee wa mashine walijua pia kwamba upande uliolegea wa mkanda ukae juu, ili ukilala uzidi kuikumbatia puli ndogo. Ukikaa chini unaning'inia, unaachia, mahindi yanakwama.

Mwaka 1917 John Gates wa Denver alitengeneza mkanda wa mpira wenye umbo la V, unaojibana kwenye mfereji wa puli. Huo ndio umejaa maduka ya vipuri leo. Faida yake ni kwamba puli zinaweza kukaa karibu, mashine ikatosha chumba kidogo. Tahadhari yake: kipenyo cha kuhesabia ni pale mkanda unapokaa ndani ya mfereji, si ukingo wa nje.

Vipuri kufika Karagwe ilikuwa safari. Vingi vilivuka ziwa mpaka Bukoba, kisha barabara kupitia Kyaka. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka, na ukitaka kujua maana yake mfikirie mtu aliyevunjikiwa puli ng'ambo ya mto. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa malaki Ngara na Karagwe, na mahindi ya msaada yakawa chakula kikuu kambini katika nchi iliyozoea ndizi na maharage. Mahindi hayaliwi kama ndizi, yanataka kinu.

Kisha umeme. Kwa miaka mingi Kagera ilitumia umeme wa Uganda, na kila nguzo zilipofika, wenye mashine walianza kutupa dizeli na kununua mota. Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Mota ya kawaida ya kinu ina mizunguko kama 1,440 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya Lister. Mtu akiokota puli ya inchi 14 kwa sababu ndiyo iliyopo, akaacha ile ya inchi 5 kwenye kinu, anapata 4,032. Kinu kilichozoea 2,600 sasa kinakimbizwa mara moja na nusu na ushee, na nguvu inayovuta nyundo kuzing'oa haiongezeki kwa kiasi hicho tu, inakuwa kama mara mbili na nusu. Beringi zinaungua, mota inalemewa. Pini ikikatika, kipande cha chuma hakichagui pa kwenda.

Jibu sahihi lilikuwa inchi 9: 1,440 mara 9, gawa kwa 5, ni 2,592. Kinu kilekile, unga uleule.

Kahawa nayo haina subira na haraka. Mashine ya kukoboa inataka mizunguko mia kadhaa tu. Izidishe, punje zinavunjika na kupata joto, na punje iliyovunjika inashushwa daraja. Mkulima aliyepalilia mwaka mzima Nyaishozi au Kyerwa anaambiwa kahawa yake mbovu, wakati kilichokuwa kibovu ni inchi mbili za chuma kwenye shafti ya mtu mwingine.

SIDO ipo tangu 1973 kwa kazi kama hizi, na mafundi wa karakana wanaoweza kuchonga puli ya kipimo unachotaka wapo. Gharama ya kuchonga ni ndogo ukilinganisha na mota iliyoungua. Ukienda, usiseme "nipe puli kubwa". Soma kibati cha mota, uliza mizunguko ya kinu chako, pima puli uliyonayo, halafu nenda na namba kwenye karatasi.