Ligamenti ya goti ikikatika: Kushona, kupandikiza au kusubiri?

DESEMBA 26, 1962, mshambuliaji wa Sunderland ya Uingereza, Brian Clough, aliukimbilia mpira katika eneo la hatari la Bury na kugongana na kipa. Alikuwa na umri wa miaka 27 na tayari alikuwa amefunga takriban mabao 250 ya ligi. Ligamenti za goti lake zilikatika. Alirejea karibu miaka miwili baadaye, akacheza mechi tatu tu za ligi, kisha akatundika daluga. Dunia ilikuja kumfahamu zaidi kama kocha aliyeipa Nottingham Forest Kombe la Ulaya mwaka 1979 na 1980.

Aprili 2000, Ruud van Nistelrooy wa PSV Eindhoven ya Uholanzi alikuwa akisubiri kuhamia Manchester United. Uhamisho huo ulisimama baada ya madaktari kutilia shaka goti lake la kulia, na muda mfupi baadaye ligamenti ya goti hilo ilikatika akiwa mazoezini. Alifanyiwa upasuaji nchini Marekani, akajiunga na United mwaka 2001, na katika misimu mitano aliifungia klabu hiyo mabao 150.

Kati ya wawili hao kuna takriban miaka arobaini ya maendeleo ya upasuaji wa mifupa. Hata hivyo, kilichobadilika zaidi hakikuwa uwezo wa kuiunga ligamenti iliyokatika. Madaktari walijifunza kuiacha na kutengeneza nyingine mahali pake.

Ligamenti inayozungumzwa hapa ni ile ya msalaba ya mbele, ambayo mashabiki wengi wanaifahamu kwa kifupi cha ACL. Ni utepe mgumu wenye urefu wa sentimita tatu hadi nne, unaopita katikati ya goti na kuunganisha mfupa wa paja na ule wa muundi. Huitwa ya msalaba kwa sababu inapishana na mwenzake wa nyuma. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na kulidhibiti goti lisijizungushe kupita kiasi. Mtu anaweza kutembea barabarani bila ligamenti hiyo. Kugeuka ghafla kumkwepa beki ni jambo jingine.

Mara nyingi jeraha hili hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Anapunguza kasi, anageuka au anatua baada ya kuruka, mguu unabaki chini na goti linapinda kwenda ndani. Wengi husimulia kwamba walisikia mlio mithili ya kitu kilichokatika. Goti huvimba katika saa chache za mwanzo kwa sababu damu inavuja ndani yake.

Hapo ndipo makosa mengi hufanyika katika viwanja vya mitaani. Goti huchuliwa kwa nguvu, hukandwa kwa maji ya moto, na uvimbe ukishuka baada ya wiki mbili tatu mchezaji hurudi uwanjani akiamini amepona. Picha ya eksirei nayo huweza kumpoteza, kwani huonyesha mifupa na wala si ligamenti. Daktari mzoefu hulitambua jeraha kwa kuuvuta muundi kwa mikono, na kipimo cha MRI humthibitishia. Mchezaji anayeendelea kucheza na goti linalolegea hujiweka katika hatari ya kupasua gegedu zenye umbo la mwezi mchanga, ambazo hupunguza mshindo kati ya mifupa miwili. Gegedu ikiharibika, goti huanza kuzeeka mapema.

Je, kila aliyeumia lazima apasuliwe? La. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahusisha vijana 121 wenye kupenda michezo. Baadhi walipasuliwa mapema, na wengine walianza na mazoezi ya tiba huku upasuaji ukiwekwa akiba. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa maana, na katika kundi la pili ni 23 tu kati ya 59 waliokuwa wamehitaji kupasuliwa ligamenti. Lakini utafiti huo haukuwajumuisha wanasoka wa kulipwa. Kwa anayeishi kwa kugeuka na kuruka, madaktari wengi bado hushauri upasuaji.

Swali la kwanza la wengi ni kwa nini ligamenti isishonwe tu. Ilijaribiwa. Mwaka 1976 madaktari wa jeshi la Marekani waliwachunguza vijana walioshonwa miaka mitano nyuma, wakakuta wengi wao bado wana matatizo ya goti. Sababu mojawapo ni kwamba ligamenti hii imezungukwa na ute wa goti, hivyo damu haigandi kati ya ncha mbili zilizokatika ili kujenga daraja la kupona. Miaka ya 1980 zilijaribiwa ligamenti za bandia, nyingi zikakatika au kusababisha uvimbe ndani ya goti. Wazo la kushona limefufuka katika miaka ya karibuni. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipandikizi mfano wa sifongo, kinacholoweshwa damu ya mgonjwa na kuwekwa kati ya ncha hizo. Bado ni mapema kukitegemea kwa mwanasoka wa kulipwa.

Njia inayotawala basi ni kupandikiza. Kupitia matundu madogo na kamera, daktari hutoboa mfupa wa paja na wa muundi, kisha hupitisha kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hapa ndipo penye uchaguzi.

Kano iliyo chini ya pia ya goti hukatwa theluthi yake ya kati pamoja na vipande vya mfupa katika ncha zote mbili. Mfupa hushikana na mfupa upesi, na ndiyo maana madaktari wengi wa klabu kubwa huipendelea. Gharama yake ni maumivu ya mbele ya goti, jambo zito kwa anayepiga magoti mara kwa mara, iwe kazini au katika swala. Kano za misuli ya nyuma ya paja hazina kero hiyo, lakini huchelewa kushika, hupunguza nguvu za misuli inayotumika katika mbio za kasi, na kwa vijana huelekea kukatika tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Kano ya misuli ya mbele ya paja, iliyo juu ya pia ya goti, ni nene na matumizi yake yanaongezeka. Ya marehemu aliyejitolea humpunguzia mgonjwa kidonda, lakini kwa vijana wanamichezo imeonekana kukatika mara nyingi zaidi.

Baadhi ya madaktari huongeza utepe mwingine upande wa nje wa goti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukihusisha vijana 618 waliowekewa kano za nyuma ya paja, waliokatika tena walikuwa asilimia 11 bila nyongeza hiyo na asilimia 4 kwa walioipata.

Uchaguzi wa kano hujadiliwa sana, pengine kuliko unavyostahili, ilhali muda wa kusubiri hupuuzwa. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza kabla ya kujengwa upya na mwili, na hudhoofika katika kipindi kilekile ambacho maumivu yameisha na mchezaji anajiona yuko tayari. Utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi uliosubiriwa hadi mwezi wa tisa, majeraha mapya ya goti yalipungua kwa takriban nusu. Mwaka huohuo, uchunguzi wa klabu kubwa za Ulaya ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 90 ya wachezaji walirudi ndani ya mwaka mmoja, ila baada ya miaka mitatu asilimia 65 tu ndio waliokuwa bado wanacheza katika kiwango cha juu.

Wanawake wako katika hatari kubwa zaidi, mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kombe la Dunia la mwaka 2023 liliwakosa Leah Williamson, Beth Mead na Vivianne Miedema kwa jeraha hili, huku Alexia Putellas wa Hispania, aliyeumia Julai 2022, akirejea kwa wakati na kutwaa taji.

Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 17, 2020 katika mechi dhidi ya Everton. Mei 2021, Uholanzi ikijiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Ulaya, alitangaza kwamba hatakwenda, ingawa alikuwa nahodha wa timu hiyo. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi Agosti 14, dhidi ya Norwich, miezi kumi baada ya kuumia, na msimu huo Liverpool ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa katika safu ya ulinzi.