Injini Uani: Historia ya Kushusha na Kukarabati Injini Gisenyi

Kushusha injini ya gari uani ni kazi ya miaka mingi Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kaskazini mwa Ziwa Kivu, unaogusana na Goma ya Kongo hivi kwamba kinachotenganisha mitaa ya miji hiyo miwili ni mpaka tu. Yako mengi yanayolazimisha kazi hiyo, lakini kupotea kwa oili ndiko kunakoieleza vizuri zaidi historia yake, kwa kuwa ardhi ya huku nayo ina mkono katika jambo hilo. Upande wa Goma na sehemu ya Rubavu, wilaya ya Gisenyi, pametandazwa mawe ya Nyiragongo, volkano yenye urefu wa mita 3,470. Lava iliyopoa ina makali ambayo jiwe la mtoni halina, na gari lililo chini kidogo hupitisha sampu yake, bakuli la oili chini ya injini, juu ya makali hayo. Kisha kuna mlima. Barabara ya Kigali, yapata kilomita 155, huondoka ziwani penye mita 1,460 na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuteremkia Musanze. Oili ikiwa pungufu, gari likiinua pua oili hiyo hukimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu ikabaki kuvuta hewa.

Kinachofuata ni kilekile kwa gari la aina yoyote. Injini inapozunguka, krenki haitakiwi kugusana na beringi zake, kwani kati yake hupita utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, chuma laini cha beringi huchubuka, hupata moto na kujipaka kwenye krenki. Injini huanza kugonga, nao mafundi husema imenoki. Dereva anayezima mara taa ya oili inapowaka huenda akanusurika kwa kuchomelea sampu na kununua lita chache. Anayejipa moyo kwamba atafika tu hufika, au huvutwa, akiwa na injini ya kufunguliwa yote.

Ufundi huu haungeweza kuwapo kabla ya barabara. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Kisenyi, kama walivyoandika jina hilo, mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Wabelgiji walioingia Mei 1916 nao walikuja kwa miguu. Barabara za magari zilikatwa katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kazi ya shuruti ya Wanyarwanda, nazo zikaleta malori ya serikali, ya misheni na ya wafanyabiashara. Pamoja na malori wakaja madereva na mataniboi, wengi wao wakiwa Waislamu wenye kusema Kiswahili. Utawala ulikuwa umewatenga Waislamu katika mitaa yao, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo biashara, usukani na spana vikawa riziki ambayo kwayo hakuna aliyewadai cheti. Taniboi alijifunza kwa kushika taa wakati fundi yuko chini ya gari. Baada ya miaka kadhaa alipewa kufungua sampu, na baadaye sana kufunga beringi. Lugha ya kazi ikawa Kiswahili kilichojaa Kifaransa, na imebaki hivyo.

Mwaka 1957 kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa mjini hapo, na bia ilihitaji malori ya kuivusha milima. Kampuni kubwa na misheni zilikuwa na karakana zao. Mwalimu, karani au mfanyabiashara mdogo mwenye gari moja hakuwa na karakana ya kulipeleka. Alimwita fundi nyumbani.

Gari lililoufanya uwanja wa nyumba kuwa karakana lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa kobe. Injini yake ilikaa nyuma, imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne, na uzito wake ulikuwa yapata kilo 100. Mafundi wawili walitenganisha waya, kebo ya mafuta na bomba la petroli, wakaiteremsha kwa jeki, kisha wakainua mkia wa gari na kuivuta injini kutoka chini. Asubuhi moja ilitosha. Lakini injini hiyo haikusamehe uzembe. Ilibeba lita mbili na nusu tu za oili, haikuwa na filta ila chujio la waya, na kwa kuwa ilipozwa kwa hewa, oili hiyohiyo ilikuwa sehemu ya kupoza. Lita moja ikivuja, karibu nusu ya uhai wa injini imekwenda. Urahisi wa kuishusha na wepesi wake wa kufa ndio uliowapa mafundi wa uani mazoezi yao ya kwanza.

Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, na 504, iliyotoka mwaka 1968, zilileta somo jingine. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku. Zilikuwa slivu zinazochomoka, zikizungukwa na maji. Kwa fundi asiye na mashine, hilo lilikuwa jambo kubwa. Silinda ya kawaida ikikwaruzwa, bloku lazima lipelekwe kutanuliwa kwenye karakana kubwa. Slivu ya Peugeot iligongwa kwa kipande cha mti mgumu, ikatoka, na mpya ikaingia pamoja na pistoni na ringi zake, zilizouzwa kama seti. Pagumu palikuwa kwenye mipira ya chini ya slivu. Ikikaa vibaya, au slivu ikisimama chini kidogo ya uso wa bloku, maji yalipenya kwenye oili na kazi yote ikaanza upya. Uzalishaji wa 504 ya saluni ulikoma Ulaya mwaka 1983, lakini iliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria, na vipuri vyake vikadumu sokoni.

Krenki ndiyo iliyokuwa mpaka wa kazi ya uani. Fundi aliipitishia ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, krenki ilifungwa kwenye gunia lililopakwa grisi na kupelekwa Kigali ikachongwe, ikarudi pamoja na beringi nene zaidi za saizi ya robo au nusu milimita. Wakati huo bloku lilikaa uani limefunikwa turubai, na mwenye gari akawa mtembea kwa miguu.

Jinsi injini ya mbele ilivyotolewa haijabadilika sana. Betri hufunguliwa kwanza, maji na oili iliyosalia humwagwa, boneti na rejeta huondolewa, kisha bomba la moshi, waya na boliti za giaboksi. Juu ya gari husimamishwa miti mitatu minene ya mkaratusi iliyofungwa kileleni, na puli ya mnyororo hutundikwa hapo. Pasipo miti, boriti au tawi hufanya kazi hiyo, ingawa si salama sana. Injini huinuliwa kidogo kidogo huku mtu mmoja akiyumbisha giaboksi mpaka shafti yake ichomoke. Boliti hutiwa kwenye makopo tofauti, na vifuniko vya beringi hutiwa alama kwa patasi, kwa sababu kila kimoja lazima kirudi mahali pake na upande wake. Kabla ya kufunga, njia zote za oili ndani ya bloku na krenki huoshwa kwa dizeli au petroli na kupulizwa. Fundi anayeruka hatua hiyo huacha vumbi la beringi za zamani ndani, nalo hula beringi mpya kwa wiki chache. Injini nyingi zinazodaiwa kufungwa vipuri vibovu zimekufa kwa sababu hii.

Ugavi wa vipuri ndio uliokuwa ukiamua nini kitarekebishwa na nini kitatupwa. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) zilianzisha jumuiya yao ya uchumi, CEPGL, mjini Gisenyi hapohapo, na makao yake yakawekwa huko. Kuvuka kwenda Goma kutafuta ringi au gasketi kukawa safari ya kawaida. Mwaka 1979 vita vya Tanzania na Uganda vilikata njia ya Mombasa, nayo Rwanda ikapungukiwa na mafuta na bidhaa. Nyakati kama hizo gasketi hukatwa kwa katoni ngumu.

Julai 1994 watu wapatao milioni moja walipitia Gisenyi na maeneo ya jirani kuingia Zaire, na serikali iliyokuwa imepanga mauaji ya kimbari ya mwaka huo dhidi ya Watutsi ikavuka na mabasi, malori na magari ya umma. Mashirika ya misaada yaliyomiminika Goma yakaleta Toyota Land Cruiser nyingi mno, hasa zenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Injini hii ni nzito mara kadhaa kuliko ya Volkswagen, na haikuwa ya kunyanyuliwa kwa miti myembamba. Ilivumilia sana, na hilo lilikuwa hatari yake, kwani mwenye gari husahau kupima oili ya injini isiyolalamika. Magari hayo yalipochakaa na kuuzwa, yakaangukia mikononi mwa mafundi wa mitaani pande zote mbili za mpaka.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na laki za watu wakakimbia, wengi wakiingia Gisenyi. Mji ulijengwa upya juu ya mawe yaleyale, na kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa lava iliyopondwa. Kilinzi cha bati chini ya sampu, ambacho kiwandani ni nyongeza, kikawa lazima. Mafundi walikitengeneza kwa kukata mapipa.

Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia. Magari yanayofika Afrika Mashariki kutoka Japani yana usukani huo, hivyo wanunuzi wa Rwanda wakategemea zaidi masoko ya Ulaya na Ghuba. Injini yenyewe haina upande. Injini zilizotumika ziliendelea kuja kutoka Dubai na Sharjah, nyingi kupitia Kampala, zikiwa kamili na tayari kufungwa. Hapo hesabu ya uani ilibadilika. Kuchonga krenki, kununua beringi, ringi na gasketi, na kusubiri, kulianza kugharimu karibu sawa na injini nzima. Ustadi wa kufungua ukaanza kupungua na ustadi wa kubadilisha ukakua, ingawa mnunuzi hakujua injini hiyo ilitunzwaje huko ilikotoka. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, ugavi huo wa Kampala ulikatika, na corona ikaufunga wa Goma pia kuanzia Machi 2020.

Oili chafu nayo ilikuwa na historia yake. Zamani ilipakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, au ilimwagwa tu, na mvua ikaipeleka ziwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 na mipango ya miji iliyofuata ilizisukuma gereji kutoka kwenye makazi kwenda maeneo yaliyotengwa, penye sakafu ya saruji na mapipa ya kukusanyia. Kazi kubwa za kushusha injini zimehamia huko kwa sehemu kubwa, wakati sampu iliyotobolewa na jiwe bado huchomelewa mahali popote penye umeme na jeki.