Siku arobaini ndani ya maji ya magome

Florence ina mtaa unaoitwa Via dei Conciatori, mtaa wa madabaghi, usio mbali na kanisa la Santa Croce. Zamani hakuna aliyetamani kuwa jirani yao. Ngozi mbichi hunuka, na kwa karne nyingi kilichotumika kuilainisha baada ya kung'olewa manyoya kwa chokaa kilikuwa kinyesi cha mbwa na cha njiwa. Kazi ilitaka pia maji mengi, ndiyo maana ikasogezwa kando ya mto Arno. Hata hivyo, madabaghi walikuwa na hadhi yao: chama chao, Arte dei Cuoiai e Galigai, kilihesabiwa miongoni mwa vyama 21 vya ufundi na biashara vilivyoitawala Florence.

Wala si wao walioanzisha kazi hii. Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, ulikuwa na kiwanda cha ngozi chenye mashimo 15 ya duara, na fundi wa leo wa Toscana, mkoa wa Florence, angeyatambua mara moja.

Siri iko kwenye tanini, ule ukakasi unaokunja ulimi ukitafuna gome au tunda bichi. Tanini hushikamana na nyuzi za ngozi, nazo haziozi tena. Shida ni kwamba haiendi mbio. Ngozi ikitumbukizwa kwenye maji makali ya magome tangu mwanzo, uso wake hukaza upesi na kuziba njia, katikati ikabaki mbichi. Kwa hiyo huanzia kwenye maji hafifu, yaliyokwisha kutumika, ikahamishwa shimo baada ya shimo hadi kwenye makali. Fundi hukata kipande pembeni akatazama unene wake: akiona mstari mweupe katikati, ngozi inarudi majini. Siku hizi mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka yamefupisha safari hiyo hadi siku arobaini hivi, kutegemea unene. Zamani soli nene ingeweza kukaa shimoni mwaka mzima.

Kisha mwaka 1884, Augustus Schultz wa New York akapata hataza ya kutengeneza ngozi kwa chumvi za kromi. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache, na leo sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa hivyo. Kwa hesabu ya kawaida, mashimo ya Toscana yalipaswa kufungwa.

Hayakufungwa, na sidhani kwamba mapenzi ya mila ndiyo yaliyoyaokoa. Ngozi ya kromi ni laini na nyumbufu, inafaa sana kwa upande wa juu wa kiatu, lakini soli, mkanda na tandiko la farasi vinataka ngozi ngumu inayoshika umbo. Ponte a Egola, katika wilaya ya San Miniato, iliishi kwa soli. Soli za mpira zilipoenea, mikoba ndiyo ikazidi kuwa tegemeo la ngozi ya magome.

Mikoba nayo ina historia yake. Guccio Gucci alifungua duka Florence mwaka 1921. Mwaka 1935 Mussolini alipoivamia Ethiopia, Italia iliwekewa vikwazo na ngozi ikaadimika, hata Gucci akageukia turubai ya katani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1950, watawa Wafransisko wa Santa Croce, pamoja na familia za Gori na Casini, walianzisha Scuola del Cuoio ndani ya monasteri, ili mayatima wa vita wapate ufundi wa kujikimu.

Ukiuliza nini hasa ni cha Kiitaliano katika ngozi hii, jibu litakushangaza. Ngozi mbichi nyingi hutoka nje, Ufaransa kwa mfano. Tanini ya mti wa kastanya ni ya Italia, ile ya mti wa kebracho ni ya Argentina na Paraguay, na mimosa ni muwati, mti wa Australia uliopandwa pia Njombe na kwenye nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake. Kilichobaki ni mikono na uvumilivu. Ndivyo ninavyouelewa muungano wa viwanda vya ngozi ya magome vya Toscana, ulioanzishwa mwaka 1994, unaotoa cheti chenye namba kwa bidhaa za ngozi ya wanachama wake.

Mnunuzi asitegemee karatasi pekee. Ngozi ya magome ina harufu ya mbao, ukingo wake uliokatwa una rangi ya udongo, hukolea rangi juani na tone la maji huiacha alama. Anayetaka mkoba usiobadilika kamwe anunue wa kromi, tena atalipa kidogo.