Stage Ikiwa Mbali, Treni Haijakusaidia

Wasee, leo nataka tuongee juu ya stage moja ndogo huko Ujerumani, inaitwa Bretten Stadtmitte.

Mwaka 1913, mji wa Karlsruhe ulihamisha stesheni yake kuu ikawa kama kilomita 2 kutoka katikati ya tao. Kwa miaka mingi, ukitoka Bretten kwa treni ulishuka hapo, halafu ukangoja tramu ikumalizie safari. Wengi wakaona heri waendeshe gari zao.

Mwaka 1992 wakaleta gari linalokula stima aina mbili: volti 750 za tramu na volti 15,000 za reli. Linatoka Bretten likipita kwa reli, likifika mjini linaingia barabarani kama tramu. Hakuna kushuka katikati ya safari. Wakaongeza pia stage ndogo karibu na maduka na nyumba za watu, Stadtmitte ikiwa moja yao. Ndani ya wiki chache, abiria walitoka kama 2,000 kwa siku wakafika 8,000.

Njia ilikuwa ile ile ya zamani. Walichosogeza ni mahali mtu anapandia na kushukia.

Sasa rudi kwetu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Treni inakufikisha Railways, lakini kama kazi yako iko Westlands, bado unatafuta mat na nauli ya pili.

Kila mradi wa reli tunatajiwa kilomita na mabilioni. Mimi nauliza tu: nikishuka, natembea umbali gani, na nalipa mara ngapi?