Mvinyo, Jibini na Mtungi wa Rumonge

Jioni ya marafiki kuonja mvinyo na kuulinganisha na jibini huhesabiwa hapa Rumonge kuwa desturi ya kigeni. Majina yenyewe yashuhudia hivyo: jibini latokana na Kiarabu, mvinyo na Kireno, divai na Kifaransa. Divai ilihitajiwa ufukoni hapa tangu mwaka 1879, Mapadri Weupe walipofungua misheni, kwani Misa haiadhimishwi pasipo divai. Misheni hiyo haikudumu: mwaka 1881 Wazungu watatu waliuawa, nayo ikaachwa.

Hata hivyo, kuonja kwa pamoja hakukungoja wageni. Warundi walikuwa na urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama. Marafiki walizunguka mtungi mmoja, wakanywa kwa mirija; mwenyeji alitangulia kuonja, ili mgeni asishuku sumu. Penye ziwa, kitoweo cha kufaa ni mukeke wa kuchoma, samaki yule aitwaye mgebuka huko Kigoma, au ndagala, yaani dagaa, waliopikwa kwa mawese. Jirani Mwislamu, asiyegusa kileo, hushiriki samaki na mazungumzo.

Basi, walimu wenzangu, mwanafunzi anapoandika "pombe" kwa vinywaji hivi vyote, tusiridhike. Tumwulize: ni cha ndizi au cha mtama? Kilinywewa na nani, kwa chakula gani? Mtungi ukishatoweka barazani, jina lake ndilo litakalobaki kuusimulia; nalo likipotea, wajukuu wetu watadhani kwamba ukarimu nao uliletwa na meli.