Bloku yatima: historia ya daftari lililokataa kuwa mnyororo

Chukua kalamu upige hesabu. Muamala wa kawaida wa Bitcoin ni baiti kama 250. Bloku, yaani ukurasa mmoja wa daftari lake, iliwekewa kikomo cha megabaiti 1 mwaka 2010, na ukurasa mpya hufunguliwa kila dakika 10 hivi. Miamala 4,000 ukiigawa kwa sekunde 600 unapata 6 na ushee kwa sekunde. Umeme wote ule unaoliwa na Bitcoin, kwa miamala isiyofika hata saba!

Anayesikia haya kwa mara ya kwanza husema: si muongeze ukubwa wa ukurasa? Wenyewe waligombana juu ya hilo kwa miaka, hadi nyumba ikagawanyika: Agosti 1, 2017 wenye kutaka kurasa kubwa wakaondoka na Bitcoin Cash, bloku zake za megabaiti 8. Waliobaki wakabadili namna ya kupima bloku, wakapata nafasi zaidi kidogo. Ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko faida yake, kwa maoni yangu, maana kiini cha tatizo kilikuwa kimeshapimwa mwaka 2013.

Waliopima ni Christian Decker na Roger Wattenhofer wa chuo cha ETH, Zurich. Walitaka kujua bloku mpya huchukua muda gani kuenea kwenye mtandao. Nusu ya nodi, yaani kompyuta za mtandao huo, ziliipata ndani ya sekunde 6.5. Baada ya sekunde 40, asilimia 5 zilikuwa hazijaipata bado. Sasa tuseme mchimbaji wa China, yaani mtu ambaye kompyuta zake hushindania kufungua ukurasa mpya, amepata bloku, na mwenzake wa Iceland, habari ikiwa bado njiani, naye amepata ya kwake. Zote mbili ni halali, zote zimeunganishwa na mzazi yuleyule, yaani bloku iliyotangulia. Kanuni ya Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin, haina huruma hapo: upande utakaobeba kazi nyingi zaidi ndio hufuatwa, na bloku ya upande wa pili hutupwa. Wachimbaji waliizoea kwa jina la yatima, ingawa jina halikai sawa. Mzazi inaye, ilichokosa ni watoto.

Kwa mwendo wa dakika 10 hasara hiyo ni ndogo. Fungua bloku kila sekunde, na mayatima watawapita warithi. Ubaya wake si kupoteza umeme tu. Mhalifu anayechimba mnyororo wake wa siri chumbani mwake hasubiri habari kutoka ng'ambo, kwa hiyo hatupi kitu. Waaminifu wanapotupa nusu ya jasho lao, yeye hahitaji tena kuwa na nusu ya nguvu za uchimbaji ili awashinde.

Desemba 2013, Yonatan Sompolinsky na Aviv Zohar wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walitoa pendekezo waliloliita GHOST. Kwa kanuni ya zamani, ukoo ulishinda kwa wingi wa vizazi. Kwa GHOST, ukoo unashinda kwa wingi wa watu. Yatima hatupwi kwenye hesabu. Uzito wake unaongezwa kwa babu yake, na mhalifu wa chumbani anakuta ameachwa mbali.

Ethereum, iliyozinduliwa Julai 30, 2015 ikiwa na bloku za sekunde 15 hivi, iliazima sehemu ya wazo hilo. Bloku iliyochelewa iliweza kutajwa na bloku ya baadaye, na mchimbaji wake akalipwa hadi 7/8 ya ujira wa kawaida. Kwa Kiingereza waliipa jina la ndugu wa mzazi, neno lisilobagua upande. Kwetu ingebidi tuulize kwanza: ni mjomba huyu, au baba mdogo?

Lakini kulipwa si kuandikwa: miamala iliyokuwa ndani ya bloku hiyo haikuhesabiwa. Mwaka 2015 Sompolinsky na Zohar, safari hii pamoja na Yoad Lewenberg, walisogea mbele: bloku isitaje mzazi mmoja, itaje kila ncha iliyoiona, yaani kila bloku isiyo na mtoto bado. Hapo mnyororo unageuka wavu, nyuzi zake zote zikielekea nyuma, na hakuna kinachotupwa.

Swali likabaki la foleni. Mtu akiitumia sarafu ileile kumlipa Asha kwenye bloku moja na Juma kwenye nyingine iliyo sambamba nayo, nani alilipwa kwanza? Pendekezo lililoitwa SPECTRE, la 2016, lilizipigisha bloku kura, jozi kwa jozi, lakini kura za namna hiyo zinaweza kuzunguka: A mbele ya B, B mbele ya C, C mbele ya A. PHANTOM ya 2018, na mdogo wake GHOSTDAG, wakaja na ujanja ninaoupenda. Wachimbaji waaminifu hutangaza mara moja, hivyo bloku zao hutajana. Iliyofichwa hujulikana kwa kutojuana na wenzake. Zinazojuana hupakwa buluu, nyingine nyekundu, na foleni hupangwa kwa kufuata za buluu. Bloku ya buluu inaruhusiwa kutojuana na wenzake wa buluu wachache tu, idadi inayowekwa kwa herufi k.

Novemba 7, 2021 ilizinduliwa Kaspa, sarafu ya kuchimbwa iliyojengwa juu ya GHOSTDAG: bloku moja kwa sekunde, k ikiwa 18. Mei 5, 2025 ikapandishwa hadi bloku 10 kwa sekunde, k ikawa 124. Hizo ni bloku 864,000 kwa siku. Bitcoin hutoa 144 hivi. Daftari la mwendo huo hujaza diski upesi, kwa hiyo nodi za kawaida hufuta kurasa za zamani na kubaki na muhtasari wa salio na uthibitisho wake. Anayetaka historia nzima itabidi amtafute aliyejitolea kuitunza.

Ethereum iliacha uchimbaji kabisa Septemba 15, 2022, na ukoo wake wa kina mjomba ukaishia hapo. Kwenye Bitcoin kanuni ni ileile ya 2009: bloku ikichelewa sekunde chache inatupwa, na mwenye nayo anabaki na bili ya umeme.