Gael Greene

Gael Greene (Detroit, 22 Desemba 1933 – New York, 1 Novemba 2022) alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani na mhakiki wa migahawa. Aliliandikia jarida la New York kwa miaka 40, na ndiye mmoja wa waasisi wa Citymeals on Wheels, taasisi inayowapelekea chakula wazee wasioweza kutoka majumbani mwao.

Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akafanya kazi katika shirika la habari la United Press International na gazeti la New York Post. Uripota ule haukuhusu jikoni, ila ulimzoeza kutazama watu na kudadisi. Mwaka 1968 Clay Felker alipoanzisha jarida la New York pamoja na msanifu Milton Glaser, safu ya migahawa hakumpa bingwa wa mapishi. Alimpa Greene, mwanahabari aliyependa kula.

Wakati huo kipimo cha uhakiki mjini humo kilikuwa Craig Claiborne wa New York Times, aliyeweka utaratibu wa mhakiki kula bila kujitambulisha, huku gazeti likilipa bili, na mwishowe mgahawa ukapewa nyota. Greene naye alificha sura yake: mbele ya kamera alivaa kofia pana iliyofunika macho, na kofia hizo zikawa alama yake. Kilichomtofautisha ni kile alichokiona akiwa mezani. Katika sentensi zilezile zilizosifu mchuzi alieleza nani ameketishwa meza ya heshima na nani amesukumwa kando. Migahawa ya Kifaransa ya Manhattan iliwapanga wageni kwa vyeo na umaarufu wao, na Greene aliuandika mpango huo waziwazi, akamfungulia msomaji wa kawaida mlango wa mahali alipokuwa akiogopa hata kuingia. Alikielezea chakula kwa lugha ya mahaba, bila haya. Wapo waliokerwa, lakini huwezi kusoma aya zake ukabaki na shaka kwamba mwandishi alikuwa na njaa.

Mojawapo ya makala zake maarufu ni ile ya Mei 1976, kuhusu Windows on the World, mgahawa ulioanzishwa na Joe Baum kwenye ghorofa ya 107 ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center. Mwaka uliotangulia serikali ya jiji ilikuwa imenusurika kufilisika, na minara yenyewe ilichukiwa na wengi. Greene aliutangaza mgahawa huo kuwa wa kuvutia kuliko yote duniani, na sifa hizo zilikuwa pia utetezi wa jiji lililokuwa limekatiwa tamaa. Mgahawa uliangamia pamoja na jengo tarehe 11 Septemba 2001, na makala hiyo imebaki ushahidi wa jinsi ulivyopokelewa.

Vitabu vyake ni pamoja na Bite, riwaya ya Blue Skies, No Candy (1976) na kumbukumbu za maisha yake, Insatiable (2006). Katika kumbukumbu hizo alikiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na baadhi ya wapishi mashuhuri. Ukweli wake unastahili heshima, lakini swali la upendeleo haliondoki kwa kukiri tu: msomaji alipaswa kujua hayo wakati anasoma uhakiki, si miongo kadhaa baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uhakiki wa kila wiki ulichukuliwa na Adam Platt, Greene akabaki na safu fupi hadi jarida lilipomwachisha kazi mwaka 2008. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa majaji wa kipindi cha televisheni cha Top Chef Masters.

Citymeals ilizaliwa mwaka 1981. Greene alisoma gazetini kwamba wazee waliokuwa wakiletewa chakula kwa fedha za serikali hawakuletewa chochote siku za mwisho wa juma na sikukuu. Akiwa na mwandishi wa mapishi James Beard, alianza kuwapigia simu wenye migahawa, wapishi na wafanyabiashara wa vyakula, watu aliowajua kwa sababu ya safu yake, na Krismasi ya mwaka huo wazee wakapelekewa mlo. Greene alihudumu katika bodi ya taasisi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1992 Wakfu wa James Beard ulimtunuku tuzo ya huduma kwa binadamu. Gharama za uendeshaji wa Citymeals hulipwa kutoka mafungu mengine, ili mchango wa mwananchi wa kawaida utumike wote kuandaa na kupeleka chakula.